Uzito wa Kona Hamsini na Saba

Kaka yangu Eliuda alitaka nipande gari. Alilisema kwa sauti ya mtu ambaye amelisema mara nyingi na anajua hatasikilizwa.

"Sajili gari, Enesia. Unatoka Mbeya asubuhi, saa nne uko kwangu Matamba, tunakaa kutwa nzima. Baiskeli ya nini kwa mtu anayeishi mwezini?"

"Kwa gari nitafika tu," nilimjibu. "Sitakuwa nimekuja."

Sauti huchukua sekunde moja na ushee kushuka duniani, na jibu huchukua hivyohivyo kupanda. Ndiyo maana huku kwetu hata hasira ya mtu hukufikia ikiwa imeshatulia kidogo. Nikasubiri. Kisha nikamsikia akichekea puani, kicheko cha marehemu baba kabisa.

Nilikuwa karakana ya mabomba, pale Shimoni. Hilo ndilo jina tulilolipa makazi yetu, yaliyochimbwa kando ya bonde la barafu kusini kabisa mwa mwezi. Mimi ni fundi bomba. Barafu ikishayeyushwa, maji yake yanapita mikononi mwangu kabla hayajafika kwenye kikombe cha mtu yeyote. Nilikuja kwa mkataba wa miaka miwili, nikaongeza, nikaongeza tena, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa huku. Daktari ameshanionyesha picha ya mifupa yangu. Imekuwa kama mabua. Nikishushwa duniani leo, nyonga zangu hazitanibeba hata kutoka kitandani. Sirudi. Nimeshalilia jambo hilo, nimeshalizoea, na kuna siku nalizoea upya.

Watu hudhani mtu wa huku hukumbuka mvua au majani mabichi. Mimi hukumbuka uzito. Hapa pipa la maji nalisogeza kwa kiwiko. Hakuna kitu kinachonikatalia. Nyumbani nilikulia mahali ambapo kila kitu kilikuwa kinakataa: mzigo wa kuni, gunia la viazi, baiskeli ya Eliuda ambayo mlima ulipozidi tulikuwa tukiisukuma wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukitukanana. Ndipo tulipoupanga mzunguko wetu. Tutoke Mbeya mjini, tupite Uyole na Igurusi hadi Chimala, tupande zile Kona Hamsini na Saba za mlimani mpaka Matamba, tuvuke Kitulo kwenye baridi, tushukie Isyonje, turudi Mbeya. Siku moja, kwa miguu yetu. Hatukuwahi. Yeye alioa, mimi nikapata kazi ya mbali kuliko kazi zote. Sasa sukari imemla macho, kifua nacho hakimwachi alale vizuri. Kila Jumapili tunaongea, naye kila Jumapili analalamika kwamba sauti yangu imekuwa ya redio. Anataka anishike mkono.

Njia ya kumpa mkono ni moja, inaitwa Siku ya Nyumbani. Kila mfanyakazi hupata zamu yake. Unavaa fulana ya hisia huku, mwendeshaji, mtu wa duniani anayelipwa, anavaa ya kwake kule, na kwa siku moja unakaa ndani ya mwili wake: jua linalomchoma linakuchoma, mkono unaomgusa unakugusa. Zamu yangu ya kwanza nilipewa miaka saba iliyopita, nikaitumia kumzika mama. Zamu hii ilikuwa ya Eliuda. Ya tatu sijui ingemkuta nani.

Mwendeshaji niliyepangiwa aliitwa Tusajigwe, msichana wa Uyole mwenye beji ya baiskeli, yaani kibali cha kuwabeba wateja kwa baiskeli. Tulikuwa naye kwenye laini siku ile ya kupanga, sisi watatu. Mimi nilikuwa nimeikunja waya wa kulehemu juu ya meza ya chuma, kona baada ya kona, nipate kuziona.

"Haya, mimi nasema hivi," alisema Eliuda. "Muanze na Isyonje. Kitulo mnaivuka asubuhi kukiwa na ubaridi, mchana mko kwangu mnakula, halafu zile kona mnateremka nazo. Ukizipanda kutokea Chimala, jua la saa tano kule bondeni litawakaanga."

"Kuziteremka si ndiyo kuzikimbia?" nikamwambia. "Mimi nataka kuzipanda."

"Wewe unataka. Miguu ni ya nani?"

"Tusa," nikaita, nikajifanya sikusikia. "Gia unazo?"

"Ninazo, mama. Gurudumu la nyuma nimefunga meno makubwa, hata ukutani napanda." Alikuwa na sauti ya ucheshi. "Maji tutajaza Chimala. Nitabeba ndizi, karanga na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Kitulo ukungu ukishuka nitawasha taa. Kuteremka Isyonje ndiko kunataka breki, ile barabara ikilowa haina rafiki."

Nilimpenda hapohapo. "Basi niambie wewe unayeijua. Tukipanda kona, unaionaje?"

"Nzuri, mama. Njia zote nzuri."

"Basi tunapanda kona!" nikasema, na kabla neno langu halijafika kwake nilisikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuendelea. Nikadhani ni mtandao. Nikamsajili, nikasajili barabara, nikasajili chombo: baiskeli. Ukishasajili hubadilishi. Zamani watu walikuwa wakikodi mwili wa mwenzao wakaenda nao kugombana na watalaka wao, ndipo sheria ikaja: barabara iliyoandikwa, chombo kilichoandikwa, na ukipanda kingine mawasiliano yanajikata yenyewe.

*

"Kaa tuli, mama," alisema Ochola. "Hii kitu ikikaa vibaya utaskia baridi ya mgongo siku nzima."

Ochola ni mtu wa Kisumu, ndiye anayetunza chumba cha fulana. Alinifunga mikanda, akanibandika vipande vya baridi shingoni na nyuma ya masikio, akazungukia kwenye kioo chake.

"Mifupa yako haitabeba kitu, usiogope. Fulana inadanganya mishipa ya fahamu tu. Chujio nimeliweka juu kabisa, kama sheria inavyosema. Utapata uzito, upepo, jua, jasho, harufu kidogo, na kuguswa. Uchungu na ugonjwa, hapana."

"Vinakwenda wapi?"

"Vinabaki kwa mwenye mwili. Si ndiye analipwa?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Kisha akaniwasha, nikawa na uzito.

Nisiseme uongo: nililia. Makalio yangu yalikandamiza tandiko, tandiko likakandamiza baiskeli, baiskeli ikakandamiza lami, na chini ya lami kulikuwa na dunia nzima inayonivuta bila haya. Tusajigwe alikanyaga, Mbeya ikaanza kurudi nyuma. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na kuna mtu alikuwa akikaanga maandazi mahali. Tulipita Uyole, malori yasiyo na dereva yakitupita kwa adabu upande wake wa barabara, kila moja likipunguza mwendo kana kwamba linasalimia.

"Habari ya njia?" nilikuwa namuuliza kila baada ya muda.

"Nzuri, mama."

"Haya, twende!"

Inyala tulipanda, Igurusi tuliteleza. Nilijua kila mahali kabla hatujafika. Nilimwonyesha Tusajigwe mahali baba alipowahi kuangusha kreti la bia akalaumu barabara. Nilicheka, naye akacheka, na kicheko chake nilikisikia kifuani mwangu mwenyewe. Hayo nayo sikuwa nimeyategemea.

Chimala tulijaza maji. Jua lilikuwa limeshakuwa jua. Mbele yetu ulisimama ukuta wa mlima, na juu ya ukuta huo barabara imejikunja na kujikunja, huioni yote hata uinue shingo vipi. Juu kabisa, mahali nisipopaona, Eliuda alikuwa ameshawekewa kigoda kando ya barabara. Tulimwingiza kwenye laini atusikilize.

"Mmefika chini?"

"Tumefika chini, kaka."

"Basi njooni," alisema. "Nimenyoa hata ndevu."

*

Zile kona hazina mzaha. Unakanyaga, barabara inakupeleka kushoto mpaka ukingoni, inakugeuza, inakurudisha kulia juu ya kichwa chako mwenyewe. Kila mguu ulioshuka ulikutana na mlima uliokataa, na mimi kila uliponikatalia nilifurahi. Mapaja yaliwaka moto mzuri. Bonde la Usangu lilikuwa likipanuka nyuma yetu, mashamba ya mpunga yanameta mpaka mahali macho yanapochoka. Nilitaka kona zisiishe. Nilitaka pia ziishe saa hiyohiyo, nimfikie kaka yangu.

"Mama Enesia." Alikuwa Ochola, sauti ya karibu, ya chumbani. "Moyo wa huyu msichana umepanda tangu Chimala na haujashuka. Joto pia."

"Ni jua."

"Jua halitetemeshi mtu."

Mimi sikusikia kutetemeka kokote. Nilikuwa nasikia uzito na upepo. Nikaita, "Tusa, hali yako?"

"Nzuri, mama."

"Haya, twen..."

"Enesia!" Eliuda alinikata kutoka juu ya mlima. "Hivi wewe siku hizi unasalimiaje? Unabisha hodi halafu unaondoka. Mtu akikwambia nzuri ndiyo kwanza ameanza kusema. Mwache amalize!"

Huku Shimoni tuko watu wa kila taifa. Mtu akikuuliza kama uko sawa unamjibu sawa, kila mmoja anashika bomba lake. Kwetu hali haisemwi hivyo. Kwanza nzuri, maana ndiyo adabu; anayeuliza anaitikia, anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo taarifa yenyewe inamopita, hata kama ni ya msiba. Mama aliweza kukaa na mgeni akiitikia "mm" mpaka yatoke yote. Mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeisahau ile "mm". Sekunde za safari nazo zilikuwa zinanisaidia kuwakata watu.

"Mm," nikasema, na nikangoja.

Ukapita upepo. Tukamaliza kona nyingine.

"Ila nimetoka malaria, mama," alisema Tusajigwe. "Dawa nimemaliza juzi. Nilitaka kukwambia siku ile ya kupanga. Nilitaka tuanze na Isyonje."

"Kwa nini hukusema baadaye?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Huku chumbani nilisikia vidole vya Ochola vikigonga kioo chake.

"Simama basi," nikamwambia. "Simama, mwanangu, upumzike."

"Nikisimama mimi wananinyang'anya beji. Aliyekatisha njia bila mteja kubonyeza, harudi barabarani. Zimebaki chache, mama. Twende tu."

Hapo ndipo mambo yote yalipokusanyika mkononi mwangu. Mteja anacho kitufe. Nikikibonyeza mimi, yeye yuko salama na beji yake, gari la wagonjwa linaitwa papo hapo, na Siku yangu ya Nyumbani imekwisha kana kwamba nimeila yote. Nisipokibonyeza, kaka yangu yuko juu, ameketi kwenye kigoda, amenyoa ndevu.

Nikasema, "Basi twende polepole."

Ndivyo nilivyosema. Tukapanda kona moja zaidi, na ya pili, polepole, na ulikuwa mwendo mtamu kuliko yote ya siku ile. Gurudumu la mbele lilianza kuyumba, nikaona ni ukokoto. Mtu akitaka kitu kwa miaka kumi na tisa, macho yake huona ukokoto.

"Ochola," nikasema mwishoni. "Shusha chujio."

"Sheria inaniruhusu dakika moja pekee."

"Nipe hiyo moja."

Alilishusha. Sijui niielezeje. Ule moto mzuri wa mapajani ulikuwa ni visu. Kichwa kilikuwa kinapasuka, meno yanagongana kwenye jua kali, na kila pumzi niliyoivuta ilifika nusu njia ikarudi. Hata ngozi iliuma kwa kuguswa na fulana yenyewe, kwa kuwa fulana ikifanya kazi hutoa joto, na joto hilo alikuwa amelibeba tangu alfajiri juu ya homa yake. Huo ndio uliokuwa uzito. Mimi nilikuwa nimepewa upande wake wa sikukuu.

Dakika haikwisha. Nilimwambia Ochola alirudishe, na nikaona aibu kwamba mimi ninalo la kurudisha.

"Kaka," nikasema. "Leo siji."

Nilisubiri jibu lisafiri. Lilichelewa kuliko safari.

"Nimekusikia," alisema Eliuda. "Mko wapi?"

"Kona ya chemchemi. Ile inayotiririsha maji ukutani."

"Naijua. Kijana wa jirani ana pikipiki, nakaa nyuma, nashuka sasa hivi. Usikate, Enesia. Usikate kabla sijafika, nikushike mkono mara moja tu halafu ukate."

"Kaka, kifua chako na huo upepo."

"Kifua changu ni changu," akasema, na laini ikafa.

Tusajigwe alikuwa ameshashuka, ameegemea baiskeli, hajaketi. "Namsubiri babu Eliuda," alisema. "Ni hapo juu tu. Nitavumilia, mama."

Maji ya chemchemi yalimdondokea begani, nami nikayasikia, ya baridi, mazuri. Angelazimika kuivua ile fulana ndipo mwili upoe. Kuivua ndiko kukata. Nikaanza kumhesabia Eliuda kona kichwani: sasa anatoka kijijini, sasa anaingia ya kwanza. Kisha kweli nikaisikia pikipiki, mbali, juu yetu, ikinguruma na kunyamaza kila ilipogeuka. Ilikuwa inakuja. Kaka yangu alikuwa juu ya pikipiki hiyo, haoni kitu, ameng'ang'ania mgongo wa kijana wa watu, anakuja kunishika mkono.

Magoti ya Tusajigwe yaligusa lami. Mimi nilisikia kama mtu aliyeketi vizuri.

Nikabonyeza.

Wepesi ulinirudia wote kwa mpigo. Nilikuwa kwenye kiti, kwenye mikanda, na pikipiki haikusikika tena. Ochola alinivua vipande shingoni kimoja kimoja. Aliniletea chai, nami nilikishika kikombe kwa mikono miwili kana kwamba kingeweza kuwa kizito.

*

Tusajigwe ndiye aliyenipigia kwanza, siku ya tatu yake, kutoka Matamba. Gari la wagonjwa lilimpeleka zahanati, zahanati wakamtundikia maji, halafu Eliuda akawaambia waganga kwamba mtu huyu ana kwao hapa, akamchukua.

"Amenipa chumba chenye mapazia ya bluu," alisema. "Anasema ni chako."

"Ni changu."

"Nimekula na njegere zote alizokupikia wewe. Kila nikimaliza anapakua tena, hata haoni sahani, anaipapasa." Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Safari hii niliitikia, nikangoja.

"Ila kuna jambo, mama. Pale kwenye kona, babu alipofika, gari lilikuwa halijaja. Alikuja ananipapasa mpaka akaupata mkono wangu. Akadhani bado upo. Nilitaka kumwambia umeshakata, sauti haikutoka, nilikuwa siwezi. Akanishika mkono, akaongea nawe. Aliongea sana. Alilia, akacheka, akalia tena."

"Alisemaje?"

"Aliongea Kikinga chenu, mama. Mimi Mnyakyusa. Sikushika hata neno."

Nilikaa na hayo mpaka Jumapili. Nilijiambia nitamweleza ukweli, nimwombe arudie. Nilipanga hata maneno, kwa Kikinga changu kilichoshika kutu. Niliona wivu juu ya mkono wa msichana mgonjwa, wivu wa kweli, wa kukosa usingizi.

Jumapili Eliuda alipokea upesi. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kifua hakikukoroma. Alisema tangu siku ile analala vizuri. Alisema Tusajigwe amepona, anamchokoza kutwa, na wameshapanga kwamba mwakani atakuja na baiskeli kupitia Isyonje, kama watu wenye akili. Tukacheka. "Mm," nikaitikia, nikamwachia nafasi.

"Yale niliyokwambia pale kwenye kona," alisema. "Ya mama, na ya kuondoka kwako. Nilikuwa nayo miaka mingi. Uliyasikia?"

Kwenye karakana kulikuwa na bomba linavuja mahali. Niliyahesabu matone mawili.

"Niliyasikia, kaka."

"Yote?"

"Yote."

Ikapita ile sekunde ya kushuka, ikapita ile ya kupanda, na nikamsikia akishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia mlangoni baada ya mlima.

"Haya," alisema. "Basi sitayarudia."